Mkono Alioninyima

"Mama, nipe kikombe."

Akanitazama. Akakitazama kikombe. Kisha akapeleka mkono wa kushoto, ule mgonjwa, vidole vikitetemeka, vikakizunguka kikombe, vikakibana. Akakinyanyua. Akakileta, akakileta, mpaka kikabaki shubiri moja kufika kwenye kiganja changu kilichokuwa wazi kikingoja. Hapo akabadili njia, akakitua mezani.

"Hicho hapo, Mtaalamu. Chukua."

Jamani! Wiki sita. Wiki sita nasimama mbele ya mwanamke huyu nimekinga mkono, na wiki sita kikombe kinaishia mezani.

"Tena," nikasema.

"Tena nini? Si nimekisogeza?"

"Umekiweka mezani, Mama. Mimi nataka unipe mkononi."

"Toka mezani hadi mkononi kwako kuna umbali gani? Wewe bado kijana, nyoosha mkono."

Mkono wake wa kulia, ule mzima, nilikuwa nimeuvalisha glavu ya jikoni, ile nene ya kushikia sufuria ya moto, usije ukaingilia kazi ya mwenzake. Aliuweka mapajani akautazama kwa huzuni. "Umenifunga kama kuku wa sokoni," akasema, si kwangu, kwa dari.

Kazi yangu ni kuwafanyisha mazoezi ya viungo watu waliopigwa na kiharusi. Wagonjwa wamenipa jina, Mama Tena, kwa kuwa neno ninalolisema zaidi kwa siku ni hilo. Inua, tena. Kunja, tena. Nimetukanwa na watu wenye mvi zao, nimetemewa mate, niliwahi kung'atwa, na sikuwahi kulia kazini. Lakini mama huyu alikuwa amenifikisha mahali pa kujifungia chooni na kufungua bomba ili wenzangu wasisikie.

Na nyuma ya kiti chake alisimama mwanawe, mwendesha mashine, ambaye hapa kliniki kila mtu humwita Fundi Umeme. Mashine yenyewe haizidi redio ndogo: nyaya mbili, sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, na mkanda wa mpira wa kuzikaza kichwani. Sponji moja inakaa upande wa kulia wa kichwa, juu ya sehemu ya ubongo inayoamuru mkono wa kushoto. Umeme unaopita ni mdogo mno, mgonjwa anasikia kuwashwa tu, kama amevaa kofia ya sufu. Kazi yake ni kuuamsha ubongo. Ila ubongo ulioamshwa ukikosa la kufanya hujilalia tena, ndiyo maana tunafanya kwa pamoja: yeye anauamsha, mimi nautuma kazi palepale. Dakika ishirini kila siku, kichwa ni kazi yake yeye, mkono ni kazi yangu mimi. Utaratibu unakataza mtu kumwekea mashine mama yake mzazi, lakini daktari wetu alituhesabu, akaona mwendesha mashine ni mmoja tu, akasema utaratibu na usubiri.

"Mnaelewana nyinyi wawili, mtaweza," alisema.

Laiti angejua tunaelewana kiasi gani.

Mimi na Fundi Umeme tuna mwaka na miezi mitano. Tulipofikisha miezi mitano ya kwanza alikwenda kwa mama yake kunitaja. Mama, mwalimu mstaafu, akauliza kazi yangu. Akaambiwa. Akauliza, "Anashika na wanaume?" Akajibiwa kwamba wagonjwa ni wa kila aina. "Anawashika wapi?" Popote palipoumia. "Basi," akasema, "mwanamke anayeshinda ameshika mapaja ya waume za watu kutwa nzima, jioni atamshikia mwanangu kitu gani?" Maneno hayo Fundi aliniletea kama yalivyo, bila kuyapunguza makali, akidhani nitacheka.

Sikucheka. Nikaambiwa nisubiri. Nikasubiri. Halafu miezi mitatu iliyopita mama akaanguka, upande wa kushoto wote ukafa, akaletwa kwenye mikono hiyohiyo aliyoikataa. Ulimi ulibaki mzima.

Sasa ilikuwa Alhamisi, siku ya mwisho ya wiki zake sita. Na kwenye mkoba wangu kulikuwa na barua ya uhamisho: kliniki nyingine, mji mwingine, mbali. Saini yangu tu ndiyo iliyokosekana, na mwisho wa kuipeleka ni kesho Ijumaa, saa nne asubuhi. Fundi Umeme alijua. Nilimwambia Jumatatu, kwa Kiswahili chepesi kabisa: ama uongee na mama yako kabla ya Ijumaa, ama niende zangu. Jumatatu akasema kesho. Jumanne akasema kesho.

"Mama," nikasema tena, nikajitahidi sauti iwe tamu. "Tufanye la mwisho. Chukua kikombe. Kilete. Nipe."

Akakichukua. Akakileta. Mashine ikapiga mlio, pii, pii, pii, ikajizima.

"Sponji zimekauka," Fundi Umeme akasema, akaanza kulegeza mkanda. Alimfuta mama yake paji la uso kwa kidole gumba, taratibu, na katika kuinua kichwa macho yetu yakakutana. Macho yale! Yana unyevunyevu wa mtu anayetaka kuomba radhi kila saa. Niliyapenda kwa sababu hiyo, na wiki hii yalikuwa yakinichefua kwa sababu hiyohiyo.

Mama akautumia mwanya huo kukiweka kikombe mezani.

Kwenye benchi la pembeni alikaa binti yake wa mwisho, wenyewe wanamwita Kitinda, msichana wa chuo aliyeletwa kumsaidia mama kuvaa na kuvua. Alikuwa akitafuna karanga na kutazama kama yuko sinema.

"Mama naye kwa deko!" akasema. "Nyumbani mkono huo ni mkuki. Jana kanirushia kandambili kwa huohuo wa kushoto, ikanipata hapa." Akaonyesha sikio.

Mimi nikageuka polepole.

"Kakurushia kwa kushoto?"

"Kwa kushoto. Na akalenga."

"We Kitinda," mama akasema, "kula karanga zako."

Fundi Umeme alikuwa tayari ameingia chumba cha kuoshea, sponji mkononi. Nilimfuata. Nilifunga mlango nyuma yangu kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, ambazo hazikuwa nyingi.

Chumba chenyewe ni chembamba, sinki moja, kamba ya kuanikia glavu, chupa ya maji ya chumvi. Watu wawili wakiingia lazima wapeane zamu ya kupumua. Siku nyingine tumekipenda kwa sababu hiyo.

"Umesikia?" nikamwuliza. "Kandambili."

"Nimesikia."

"Ulijua?"

Akafungua bomba. Akaanza kuosha sponji.

"Fundi, nakuuliza wewe. Ulijua kwamba nyumbani mkono unatoa vitu?"

"Kidogo tu. Ananipa rimoti. Juzi alinipa chumvi mezani."

"Amekupa chumvi!" Nilijisikia sauti ikipanda, nikaishusha. "Mimi kikombe kitupu cha plastiki sipewi, wewe unapewa chumvi, na hukuona sababu ya kuniambia?"

"Ningekuambia ungechukulia vibaya."

"Hebu nielekeze namna ya kuchukulia vizuri. Wiki sita naandika kwenye karatasi ya tathmini: ameshindwa kumpa mtu kitu. Daktari anasoma, anasema mashine haimfai, nafasi apewe mwingine. Kumbe hajashindwa. Amenikataa mimi! Ananichukia kiasi kwamba yuko radhi mkono wake ufe kuliko mkono wake unipe mimi kikombe!"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Ananiita Mtaalamu, Mtaalamu, kama nimekuja kukagua choo."

Akafunga bomba. Alikuwa na maji mpaka kwenye viwiko. "Na wewe unamkaza mno," akasema. "Tena, tena, tena. Kuna siku nasimama pale nyuma najiuliza, huyu anamtibu mama yangu au anamlipiza?"

Nilihisi maneno yale yakishuka ndani moja moja, yakitafuta pa kukaa.

"Rudia," nikasema.

"Sikukusudia."

"Rudia. Neno kama hilo mtu haliachi nusu."

"Nimechoka tu, mpenzi. Sikukusudia, wallahi."

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kuegemea kifua chake nilie mpaka fulana ilowe, vyote kwa wakati mmoja. Alinyoosha mkono wenye maji akanigusa kifundo cha mkono, nami nikauondoa wangu. Ulibaki unyevu pale aliponigusa.

"Kesho saa nne napeleka barua," nikamwambia.

"Subiri apone."

"Apone! Kabla hajaumwa, nisubiri apoe hasira. Alipopoa hasira, nisubiri upate lugha nzuri. Sasa nisubiri apone. Akipona utaniambia nisubiri, asishtuke akaugua upya."

Akacheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, na kicheko chake kilinipandisha hasira zaidi kwa kuwa nami nilikaribia kucheka.

"Mvumilivu hula mbivu," akasema kinyonge.

"Mbivu ipi? Ilishaanguka zamani, imeliwa na popo."

Bomba lilikuwa likidondosha maji. Nje nilisikia Kitinda akimwambia mama yake kitu, na mama akimjibu kwa ukali.

"Kuna jambo sijakuambia," Fundi Umeme akasema, macho kwenye sinki. "Siku aliyoanguka. Asubuhi yake nilimwambia. Sikwenda kumwomba, nilikwenda kumwambia. Nikamwambia, Mama, mimi namuoa huyu mwanamke, utake usitake. Hakunijibu. Nikaubamiza mlango nikaja kazini. Saa nane mchana wakanipigia simu."

Miezi mitatu amelala na jambo hilo peke yake. Wiki sita anamkaza mama yake mkanda kichwani kila asubuhi, na kila asubuhi anajihukumu.

"Presha yake ina miaka minane," nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia imelainika. "Dawa alikuwa akimeza siku anazokumbuka. Nimesoma faili lake lote. Kilichomwangusha ni mshipa, siyo jina langu."

"Najua. Kichwani najua."

"Na moyoni?"

"Moyoni nikifungua mdomo kulitaja suala lako, namwona sakafuni." Akanitazama. "Mimi ni mwoga. Haya, nimekiri. Nakupenda, na ni mwoga."

Nilimshika shavu. Nilimshika kidogo tu, kwa vidole viwili. Kisha nikautoa mkono, kwa sababu huruma ndiyo iliyonila mwaka mzima.

"Nakuonea uchungu," nikamwambia. "Lakini kesho saa nne naipeleka. Siwezi kuolewa na mtu anayenificha kama dawa ya kuhara. Loweka sponji, mama anangoja."

Tuliporudi, mama alikuwa ameketi wima, glavu mapajani, uso wa ualimu. Fundi akamwekea sponji, akakaza mkanda, akabonyeza. Mashine ikahema. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimebaki.

Ningeweza kuendelea na kikombe. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga njiani kutoka sinki hadi kwenye kiti, hatua kama sita. Nimalize zamu, niandike ameshindwa, nitie saini yangu, nikafungashe virago. Lakini niliketi kwenye kile kigoda changu, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, Mtaalamu."

"Basi kwa nini hunipi? Rimoti unampa mwanao. Kandambili unamrushia Kitinda. Mkono unaweza! Mimi ndiye ninayeunyoosha kila asubuhi, mimi ndiye ninayekusugua vidole vikiwa baridi kama samaki. Kama hunitaki nyumbani kwako, sawa, nimesikia, niliambiwa zamani. Lakini kikombe, Mama! Kikombe tu cha plastiki!"

"Dada," Kitinda akanong'ona, "taratibu."

Mama alinitazama kwa mshangao wa kweli. Haukuwa wa kuigiza, mimi nimeona wagonjwa wengi wanaoigiza.

"Nikupe wewe kitu kwa kushoto?" akauliza.

"Ndiyo, kwa kushoto! Si ndio unaoumwa?"

"Wewe?" Akasogea mbele kwenye kiti, nyaya zikamvuta. "Mtu mzima mwenye kazi yake, unayenivalisha viatu, unayenifuta mate siku zile mdomo ulipopinda, nikunyooshee kushoto kama ninayemtupia paka mfupa? Mimi? Binti, mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja. Nimewachapa watoto wa watu rula za vidole kwa kunikabidhi daftari kwa kushoto. Leo uzeeni nianze mimi utovu wa adabu, tena mbele ya watu?"

"Lakini hawa unawapa!"

"Hawa nimewazaa! Mwanangu nitampa kwa kushoto, nikitaka nitampa kwa mguu, na atapokea. Wewe ni mtoto wa watu. Mtoto wa watu hapewi hivyo."

Nilifunga macho. Nikayafungua. Wiki sita zilipita mbele yangu zote, kikombe baada ya kikombe, kila kimoja kikisogea kwa shida hadi shubiri moja kutoka kwenye kiganja changu, na kila kimoja kikigeuzwa kwa heshima. Na mimi nikiandika ameshindwa.

"Wiki sita," nikasema. "Wiki sita mashine inauamsha ubongo, adabu inaulaza! Mama, kwa nini hukusema?"

"Ungeuliza."

"Nilikuwa nakuomba kila siku!"

"Ulikuwa unaamuru kila siku. Tena, tena. Mtoto akikosea hesabu mara sita, mwalimu anamwuliza, mwanangu, hapa umefikiri nini? Wewe hukuwahi kuniuliza nafikiri nini. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Nikainamisha kichwa. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejishughulisha mno na kuchukiwa, nikasahau kazi yangu. Kuna mazoezi mia ya kumfanya mtu anyooshe mkono na kuachia kitu, ningeweza kumwekea kapu, ningeweza kumweka Kitinda mahali pangu. Ila nilikuwa nataka anipe mimi. Fundi hakukosea sana pale kwenye sinki, na hilo nalo liliniuma.

"Naomba radhi, Mama," nikasema.

"Zimepokelewa." Akageuza shingo kidogo, kadiri mkanda ulivyomruhusu. "Na wewe hapo nyuma."

Fundi Umeme akashtuka. "Naam, Mama."

"Sponji mbili zinaoshwa kwa dakika ngapi?"

"Dakika moja. Mbili."

"Leo mmetumia kumi. Jumanne mlitumia saba. Hizo ni sponji au mablanketi?"

Kitinda akapaliwa na karanga. Mimi nilihisi masikio yakipata moto. Nikamtazama Fundi Umeme, na nilijua kwamba nikimsaidia sasa, kwa neno moja tu, nitakuwa namsaidia maisha yote. Nikabana midomo.

Aliuachia ule mkanda. Alizunguka kiti, akaja mbele ya mama yake, akachuchumaa hata nyuso zao zikalingana. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Mama, ile asubuhi," akaanza. "Ile asubuhi kabla hujaanguka."

"Enhe."

"Nilikuambia jambo. Nililisema vibaya. Niliubamiza mlango." Akameza mate. "Jambo lenyewe silifuti. Ule mlango ndio ninaouombea radhi."

Mashine ilikuwa inahema. Nilijikuta nimezishika ncha za vidole vya mama, kwa mazoea, nikipima joto.

"Kilichokufa ni mkono," akasema hatimaye. "Masikio ni mazima. Nilikusikia ile asubuhi, kila neno. Miezi mitatu nimekaa nasubiri uje ulirudie kama mwanaume, wewe unajificha nyuma ya kiti unanibana kichwa. Nikasema labda amebadili nia. Labda wameachana, na mimi nimepewa huyu dada anifanyie mazoezi bure na moyo wake umevunjika. Unadhani ni raha?"

"Nilidhani ni mimi niliyekuangusha."

"Wewe?" Akasonya. "Una nguvu gani wewe? Mimi nilikuwa naviruka vidonge kwa kuwa vilinikosesha usingizi. Nilishamwambia daktari, muulize."

Fundi Umeme alifunika uso kwa mikono yake yote miwili. Mabega yalitikisika. Nilitamani kumkumbatia palepale, lakini mama yake alikuwa katikati yetu, na yeye ndiye aliyempapasa kichwa, kwa ile glavu ya jikoni.

"Na wewe, Mtaalamu," akanigeukia. "Nilisema unashika waume za watu."

"Niliambiwa, Mama."

"Nilisema, siwezi kulimeza. Lakini sasa wiki sita nimekutazama. Yule mgonjwa wako mzee wa dirishani, ulivyomkunja goti jana akaanza kumwita mama yake aliyekufa. Mwanaume aliyeshikwa na wewe hatamani kitu. Anatamani kwenda kwao." Akavuta pumzi. "Mkono huo ni wa polisi. Sina wasiwasi nao tena."

Sikujua nicheke au nishukuru. Kitinda alishaamua: alikuwa analia na kutafuna kwa pamoja.

"Na wauguzi wananong'ona una barua ya kuhama," mama akaendelea. "Hiyo waambie watafute mtu mwingine. Mimi mazoezi sijamaliza. Siwezi kuanza upya na mgeni, nimpe heshima wiki sita nyingine."

Akaurudisha mkono wa kushoto mezani. Vidole vikatafuta kikombe, vikakizunguka, vikabana. Akakinyanyua. Nilikinga kiganja tu. Kikombe kikaja. Kikafika shubiri moja, pale kilipokuwa kinageuka siku zote.

Hakikugeuka.

"Shika, we mtoto," akasema.

Nikakihisi kikombe, na nyuma ya kikombe vidole vyake baridi, mifupa na ngozi. Kwa watu wa kiharusi kushika si tabu kama kuachia. Vidole hubana vikagoma kufunguka. Vyake viligoma, vikagoma, halafu vikafunguka vyote kwa mpigo, mapema mno. Kikombe kilinipita kwenye ncha za vidole, kikaanguka, kikabingirika hadi kando ya mguu wake.

Tukakitazama wote.

"Okota," mama akaniambia.

Kiuno kilishaanza kuinama. Mkwe anaambiwa okota, anaokota. Hilo hata mimi nililelewa nalo. Nilikuwa nusu ya njia kwenda chini. Kisha nikaiona saa ya mashine.

"Okota mwenyewe, Mama," nikasema. "Kwa mkono uleule. Zimebaki dakika nne."

"Khaa!" Kitinda akapiga ukelele.

Fundi Umeme alifunga macho kama mtu anayesubiri sahani ivunjike. Mama alinikazia yale macho aliyowakazia watoto wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja. Nami nikamkazia yangu. Sijui ulipita muda gani. Dakika nne zikawa tatu.

"Ndiye huyu?" akamwuliza mwanawe, bila kuniondolea macho.

"Ndiye, Mama."

"Umemchagua mwenyewe? Hakuna aliyekusukuma?"

"Nimemchagua mwenyewe."

"Basi utakoma," akamwambia, na akaanza kuinama, mkono wa kushoto mbele ukiitafuta sakafu. Nikapiga magoti kando yake nikamshika bega asianguke.